Kifungu cha Tisa

Tulikuwa arubaini na watatu juu ya paa,
Tudor, ngazi sita bila lifti, baada ya Isha,
kamba za nguo vichwani mwetu,
na tangi jeusi nyuma ya mwenyekiti likinguruma
kila pampu ilipovuta maji ya chumvi kisimani.

Ajenda moja: Apondi, nyumba namba kumi na nne.
Hajatoa mchango wa geti jipya.
Anataka kwanza risiti ya geti la zamani.
Ameitaka mara tatu, mbele za watu.

"Wanaosema bomba lake lifungwe?"
Mikono ikapanda mpaka ikagusa shuka mbichi za Bi Zulekha.
Na wangu. Sitaficha.
Kalamu ilikuwa kulia, nikanyoosha wa kushoto.

"Wanaopinga?"
Yeye. Na Mbwana, mpwa wa mwenyekiti,
kibarua wa makontena kule Kilindini.
Alitazamwa kwa jicho la kummeza mzima mzima
na mkono asiushushe.

Arubaini na mmoja kwa wawili.
Shebwana akacheka: "Yakhe, wengi wape! Katibu, andika."

Nikafungua kaunta buku.
Jalada limeliwa na unyevu, kurasa za mbele zimegandana;
likafunguka pale lilipopenda lenyewe:

*Maji, mlango na ngazi havipigiwi kura.*

Mwandiko nikaujua, herufi zinazolala kama walevi.
Aliandika Shebwana mwenyewe, mwaka alipokuwa mpangaji mgeni
nasi tukataka kumzibia bomba, wengi kwa mmoja,
kisa mbuzi wawili aliowafunga ngazini.
Usiku ule alilia. Tukaona haya, tukampa kalamu.

Nikasoma kwa sauti. Sauti yenyewe haikuwa nzuri.
Pampu ikazima.
Akautazama mwandiko wake
kama mtu aliyekutana na mdai wake Kongowea, katikati ya vitunguu.

"Si tukifute hapa hapa?" mtu akasema gizani.
"Wengi si ndio sisi?"
Nikageuza ukurasa. Kubadili kifungu: siku sitini,
na anayeguswa asikizwe kabla ya kura.
Siku sitini: muda wa sufuria la hasira kupoa,
au kutiwa kuni upya.

Wengi wape, methali yasema.
Haikusema wape nini.
Wape uenyekiti, wape rangi ya geti,
wape saa ya taa kuzimwa uani.
Koo ya jirani, je? Nayo ni ya kugawana?

Tuliteremka bila kuagana.
Tangu hapo watatu hawaitikii salamu yangu.

Alfajiri nikasikia ndoo ikijaa namba kumi na nne,
sauti nyembamba, kisha nzito, kisha kimya.
Nikangoja, nikidhani atashukuru.
Tulipopishana ngazini, maji yakimchuruzika kiwikoni,
alisema neno moja tu:
"Risiti."

Siku ya sitini ni Jumamosi.
Nimeizungushia duara kwenye kalenda.
Kalamu, safari hii, sijui nitaishika kwa mkono upi.