Dume Namba Kumi na Saba

Nilimnyoa mwenyewe, chini ya tumbo,
kwa wembe mpya kutoka Makoroboi.
Manyoya yalinata kwenye glavu
kama unga wa muhogo.

Wiki sita kabla ya hapo tulimchoma dawa,
mbegu zake zote zikakauka.
Akabaki dume wa jina: anakula, analala,
akipanda, hapatikani kitu.

Sasa Daktari Ng'wigulu ameshika sindano ya kioo,
nyembamba kuliko mwiba wa dagaa.
Anammiminia seli shina za panya mwingine,
seli tulizozilea kwenye sahani siku arobaini,
tukazipenyezea jeni moja ngeni,
kwa kuwa ini la panya hawa hukikataa kichocho
na sisi tunamtaka panya
atakayeugua kama mtu wa ziwani.

Korodani, kama kokwa ya zambarau,
inajaa taratibu rangi ya buluu.
"Zitashika?"
"Zikipata ukuta, zitashika.
Seli hizi hazichagui nyumba."

Usiku umeme ukakatika Isamilo nzima.
Nililinda jenereta, nikamkumbuka mzee Lushinge,
mponda kokoto wa Mabatini,
aliyenipa jina, daftari, na kovu hili la nyundo
siku nilipojitia kumsaidia.
Majirani walinong'ona: pua ile si yake.
Naye, bila kuinua macho kwenye jiwe:
"Kitanda hakizai haramu."
Akapiga. Jiwe likapasuka.

Alikufa tumbo limejaa maji,
akitapika damu kwenye karai la zege.
Vidudu vya ziwa, walisema Bugando.
Vya tangu utoto.

Miezi minne, jike akazaa tisa.
Chini ya taa ya buluu
wanne waliwaka kijani, alama ya jeni,
kama majani ya mpunga yaliyolowa.
Dume alinusa kupitia wavu, akanusa tena,
akarudi kwenye pumba zake.

Kwenye rejista kuna safu: BABA.
Niliandika 17.
Daktari akakata kwa wino mwekundu,
akaweka namba ya mtoaji, aliyekwisha chinjwa Machi.
Ana haki. Sayansi ni ya mtoaji.
Nikairudisha 17 pembeni, kwa penseli.

Jumatatu inakuja ndoo ya konokono kutoka Igombe.
Hawa wanne, wa kwanza katika ukoo wao,
wataujua ugonjwa wa baba yangu.