Visu Vitatu

Shee Mbarak alinipa visu vitatu
vimefungwa gazetini kama samaki wa kukaanga.
"Vitese," alisema. "Usivionee haya."

Vyote ni springi ya lori lililofia Jomvu,
vimefuliwa uani Majengo, majirani wakilaani moshi.

Cha kwanza kilininyoa malaika ya mkono
bila kuuliza. Kilikata kamba ya mkonge
mara themanini, nimehesabu,
kisha kikaanza kutafuna.

Cha pili kizuri mno: mpini wa mvule,
njumu za shaba, ala ya uzi mwekundu.
Nilikipasulia gogo la mkwaju
nikikigonga mgongoni kwa rungu,
na penye fundo kikalia *ti*,
jino likatoka, dogo kama punje ya mtama.

Cha tatu mpini umekaa upande,
kama mtu aliyeamka vibaya.
Kilichonga vigingi.
Kilifua dafu, nasema dafu lenyewe, si methali.
Kikalala usiku kucha kwenye ndoo ya maji ya chumvi,
na asubuhi bado kinanyoa.

Nilirudi nikilificha lile pengo.
Shee akalitazama juani, akalipitishia ukucha,
akacheka kama aliyeletewa salamu.
"Afadhali limeng'oka kwako
kuliko kwa mtu yuko peke yake Shimba, usiku, mvua yanyesha."
Akachukua chaki, akaandika ukutani:
*cha mvule, moto ulizidi.*

Nikatoa pesa, nikitaka kile cha tatu.
"Hicho si changu," akasema.
"Amekifua Mwanakombo.
Bei muulize mwenyewe, akitoka chuoni."