Pasi

Januari. Barafu imeuma nyasi za Briseval.
Odile hufua jezi za kikosi kizima;
ya tisa imetundikwa kavu, haina jasho la mtu.
Wendkuni kaitwa na taifa lake, Kombe la Afrika,
nasi tuna pointi moja juu ya shimo.
Jumamosi kinda wa akademia
alipaisha penalti mpaka maegesho.

Usiku, televisheni juu ya mashine ya kufulia:
Wendkuni anafunga. Odile anaruka,
kisha anaziba mdomo.
Kila bao kule ni wiki nyingine bila yeye hapa.

Robo fainali, matuta. Wa tano ni yeye.
Odile anaichukua jezi kavu, anaipiga pasi,
pasi pekee iliyoifikia namba tisa mwezi mzima,
wala hajui aombe nini.