Kina

Sheffield, Januari. Theluji imegoma,
ni mvua tu, ya ubavu, inagonga dirisha la jikoni
kama mtu aliyesahau funguo.
Nalipwa kwa saa kuhakiki thibitisho za mashine.
Leo ziko thelathini na moja. Chai imeota ngozi.

Wa kwanza: namba tasa hazina mwisho.
Umenyooka, mshono wa fundi.
Wa tisa ningeuhangaikia wiki nzima, mimi na shahada yangu;
yenyewe, sekunde nne.
Nikavua miwani, nikaiamkia.

Halafu nikaichokoza.
Basi la Crookes lina abiria ishirini na sita.
Wanashuka wanane, wanapanda watano,
na watatu kati ya waliomo wamevaa makoti mekundu.
Wamo wangapi?

*Hivyo basi, ishirini.*

Tausi, miaka tisa, kijiko cha uji mdomoni,
alisoma begani pangu, akacheka hadi akapaliwa:
"Mama, koti jekundu halimshushi mtu!"

Wanayaita mafunzo ya kina.
Kina kipi? Kile cha kisima,
unatupa jiwe, unangoja, unangoja, ndipo usikie,
au kile cha shairi, mwisho kufanana na mwisho?
Maana kwa vina hii haishindiki.
Inajua baada ya "tuchukulie" huja nini,
baada ya shufwa, witiri, huja nini,
na penye shimo inatandika "hivyo basi"
kama mkeka juu ya mbao zilizooza.
Kwenye uthibitisho wa kumi na nne, hatua ya saba,
nilikanyaga. Nikazama hadi gotini.

Nilitaka niishie hapo, mshindi.
Lakini nikiosha kikombe akanijia Mwalimu Kihwelo,
darasa la sita, fimbo kwapani:
"Hasi mara hasi?"
"Chanya!" Arobaini na wanane, sauti moja.
"Kwa nini?"
Nzi wa kimya kile bado nawasikia.
Mtihani ule nilipata tisini na nne.
Sababu niliipata miaka kumi baadaye,
kwenye ngazi za hosteli, nikakaa chini nikalia.

Tausi amelala. Nyuma ya bahasha ya bili ya umeme
amechora basi na vichwa ishirini na vitatu,
makoti matatu kwa kalamu nyekundu.
Kichwa kimoja alikifuta,
akafikiri, inaonekana, karatasi imechubuka,
akakirudisha.