Jambo Lisilotokea

Gari ilipinduka mteremko wa Daya, hakufa mtu.
Ikalala chini ya mdalasini miezi saba,
kuku wakaitagia ndani.
Mie nikaingia na mkasi,
nikakata mikanda ya viti, yote mitano.
Mwenyewe nilimlipa pishi mbili za mchele.
Akaniuliza, "Mize, cherehani yako siku hizi inakwenda mbio?"
Sikumjibu.

Nilikuwa namuwaza ndugu yangu Faki,
anayekaa barazani toka mwaka ule wa neema,
akiwajua wapita njia kwa viuno vyao,
kwani shingo yake haiinuki zaidi ya hapo.
Mkarafuu ndivyo ulivyo:
mwembe hulia kabla ya kukatika, huo hausemi.
Unalipa, unanukia,
na tawi lake lina moyo wa biskuti.

Mwanangu Shaame ana miaka ishirini na mbili
na miguu ya komba.
Kila vuli hupanda peku, na pakacha, na upembo,
na Bismillahi.
Katika Bismillahi sipunguzi kitu.
Naongeza mshono.

Uzi wa cherehani ulikataa.
Nikatafuta nailoni ya mshipi, sindano ya magunia,
kiganja nikakivika kipande cha ndala.
Mkanda mmoja kiunoni, miwili mapajani,
wa nne begani, ukakatiza mgongo,
wa tano ndio mkono wake: unazunguka shina,
unarudi kifuani, unaingia kwenye kifungo kile kile cha gari,
unasema ta!
Kitufe chekundu nikakifunika kwa kizibo cha chupa ya dawa,
kisije kubonyezwa na tawi.

Nikajaza gunia mchanga, uzito wa mtu na pakacha lake.
Vijana wakalivuta juu ya mfenesi, wakaliachia.
Mshono wa paja la kushoto ukafumuka kama mdomo wa mmbeya,
mchanga ukamwagika mpaka mlangoni kwa Bikombo.
Nikacheka. Halafu sikucheka.

Nikafumua yote.
Nikashona mraba, na ndani yake njia mbili zinazopishana,
kama nilivyoona kwenye mikoba ya skuli.
Gunia likaachiwa, likadakwa. Mara kumi.
Mara ya kumi na moja nikavaa mwenyewe,
suruali ya Shaame chini ya kanga, nikajiachia.
Watoto wakapiga ukelele: "Bi Mize kawa popo!"
Nami nikaning'inia, miguu haina ardhi,
nikaona paa letu lilivyooza upande wa kibla.

Shaame akasema, "Mama, nitachekwa.
Hivi ni vya kubebea watoto wachanga."
"Kachekwe," nikamwambia. "Wa kuchekwa yu hai."
Faki hakutia neno.
Alinyoosha mkono, akashika kifungo,
akakifunga, akakifungua, akakifunga,
ta, ta,
mpaka kijana akauchukua.

Vuli ikaja, ikapita.
Karafuu zikachumwa, zikachambuliwa makonyo,
zikaanikwa, zikakimbizwa mvua, zikaanikwa tena,
zikapelekwa shirikani.
Hakuanguka.
Na Bikombo ananiambia: basi kazi yote ile ya nini?
Nimjibu nini? Jambo lisilotokea
halina shahidi.

Jana ameurudisha, mweusi kwa utomvu.
Nimeupekua chini ya taa, mshono kwa mshono.
Kwenye mkanda wa tano, upande wa shina,
nyuzi zimelika upana wa ukucha,
pahala pamoja tu,
kama palipovutwa ghafla, mara moja.

"Hapa pana nini?" nikamuuliza.
"Hapo? Hapo niliegemea,"
akasema, akatoka nje upesi
kuwapa mbuzi maji
ambao nilikwisha wapa.

Ule wa tano nimeukata.
Kesho nakwenda Wete na mkasi wangu;
nasikia kuna gari nyengine imelala gereji.