Gundi ya Unga

Kazi yangu ni kubandua.
Nina brashi ya manyoya ya mbuzi, mvuke wa birika,
kisu cha mwanzi kisichokata, kinachobembeleza tu,
na subira niliyofunzwa na karatasi zenyewe:
ukiivuta kwa pupa, inakupa nusu.

Walinituma kusini mwa Henan mwezi wa pili,
barafu bado imeng'ang'ania mitaroni.
Nyumba ya Geng Yuqin itabomolewa Ijumaa,
tingatinga limeshaegeshwa uani kwa jirani,
na ukutani, walisema, kuna mabango,
moja juu ya jingine,
kama mtu aliyevaa nguo zake zote siku ya kuhama.

La juu kabisa, kalenda ya kiwanda cha betri.
Hilo si bango, lakini nililihesabu.
Chini yake mama anatabasamu na mtoto wake mmoja, mmoja tu.
Chini yake ngumi. Ngumi nyingi, vinywa wazi,
na uso uliokwanguliwa kwa kucha, au kwa kijiko,
wa mtu aliyekuwa shujaa Jumatatu
na kufika Alhamisi hakuwahi kuzaliwa.
Chini yake dereva wa kike wa trekta,
mashavu kama pichi, meno yote nje.
Kila enzi ilipaka uji wake juu ya enzi iliyopita
ikaapa kwamba ukuta iliukuta mtupu.

Siku ya tatu nikafika chini.
Ngano. Suke moja refu kuliko nyumba,
watoto wanne wanene wamelipanda, wanapunga mikono,
na jua upande wa kulia, jekundu, halina haraka.

Kona ya chini haikuwepo.
Haikuchanika. Panya huacha meno, maji huacha ramani,
moto huacha ukingo mweusi;
hii ilikuwa imelika polepole, duara juu ya duara,
kama jiwe la chumvi lililolambwa na ng'ombe.

Nikamwita. Alikuja na bakuli la maji moto,
akatazama kama anayesomewa barua
aliyoiandika mwenyewe.

"Gundi," alisema, "ilikuwa ya unga.
Unga wa ngano halisi, ulitoka ofisi ya wilaya,
kilo mbili za kubandikia.
Jikoni hakukuwa na unga. Ukutani ulikuwepo."

Kaka yake aliitwa Shuanzhu,
jina la kumfunga mtoto kwenye nguzo asije akaondoka.
Alikuwa na miaka mitano, yeye minane.
Usiku walilowesha karatasi kwa mate, kwa zamu,
chovya chovya, wakianzia chini
ambako taa ya kiongozi wa brigedi haikufika.
Mwenye njaa hana miiko, lakini wao walikuwa na mmoja:
wasiguse nyuso za wale watoto.
"Walikuwa wamenenepa mno," alisema. "Tuliwaonea haya."

Sikuuliza kamba ilikatika lini.

Shanghai kuna mnunuzi. Analipa vizuri
kwa rangi zilizoshika na kingo kamili. Kona hujazwa:
nina karatasi ya mforosadi ya umri uleule,
nina majani ya chai ya kuizeesha.
Nimejaza kona nyingi. Mkono wangu hauonekani,
ndiyo sifa yangu.
Na kwenye fomu, miaka yote, penye "sababu",
nimeandika: wadudu.

Wadudu.

Husema kuta zina masikio.
Huu ulikuwa na ladha.

Jioni nilipika gundi yangu, ya wanga wa ngano;
hadi leo hatujapata iliyo bora zaidi.
Yuqin alisimama mlangoni, pua imetangulia.
"Ongeza maji," alisema. "Unaifanya nzito."
Nikaongeza.
Nikabandika ngano kwenye karatasi mpya,
watoto wote wanne, jua,
na kona nikaiacha ilivyolambwa.

Ikabaki gundi kidogo sufuriani.
Sikuiosha mbele yake.