Kikombe cha Mchanga

Walitaka mchanga, kikombe kimoja.
Nikamtuma mwanangu Famau, akauteka Shela,
akarudi viatu vimejaa, akauliza wa nini.
Sikumjibu. Mtoto wa miaka tisa
ana haki ya kutokijua kila kisu.

Nyumba ya kukodi, Mkomani, ghorofa ya pili,
zidaka zimebaki tupu, sahani ziliuzwa zamani.
Siku ya nane. Si ya saba, si ya arubaini:
ya nane, hata ingeangukia Sabato.
Ngariba wao alishuka na ndege ya asubuhi,
Bwana Zevulun, kofia ndogo, sanduku dogo,
na mikono niliyoitambua kabla ya salamu:
kucha fupi, na ule utulivu
wa mtu asiyetaka kuonekana ana haraka.

Mimi niliitwa kwa ajili ya ganzi.
"Babu yangu," alisema, "ganzi yake ilikuwa tone la divai."
Akipanga pamba, akanihadithia:
kwanza lilikuwa jiwe, gumegume,
Sipora njiani usiku, mkono wa mke.
Kisha chuma. Kisha wakaja Wayunani
na viwanja vyao vya kushindana uchi,
vijana wakaivuta ngozi irudi, wasichekwe,
ndipo wazee wakaongeza mkato wa pili,
usiofichika.
Babu alifyonza damu kwa mdomo wake.
Yeye ana kijibomba cha kioo.
"Mtoto akiugua," alisema,
"sheria nayo hujifunza kunawa mikono."

Nikampa ya kwetu.
Baba yangu Shebwana, kisu kimoja, wana kumi na mmoja,
siku ishirini na moja kumbini,
vitendawili usiku kucha,
na marufuku ya kulia.
Nje wanawake walipiga vigelegele
kuifunika sauti ambayo, kwa desturi, haikuwapo.
Leo nakata kwa miadi, Jumanne na Alhamisi,
glavu, sindano, pete ya plastiki;
adhuhuri mwari yuko kwao anatazama katuni.
Hakuna anayeoza kidonda.
Hakuna anayejua vile vitendawili.

Mama wa mtoto, Hadas, alisimama mlangoni, nusu ndani.
Dada yake, huko kwao, hakumkata wa kwake:
alimwosha miguu, akampa jina, watu wakala.
Mama mkwe hajampigia simu tangu siku ile.
"Na sisi?" alimwuliza mumewe usiku kucha.
Mumewe akasema, Ibrahimu.
Akasema tena, Ibrahimu,
kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyozaliwa.

Kiti kimoja kiliachwa wazi, cha nabii Eliya:
kiti cha enzi cha mwenye nyumba, mpingo na pembe.
Wageni wakasimama, miguu ikiwauma.
Paka akaruka, akakikalia, akajilamba.
Hakuna aliyemfukuza. Nani ajuaye
manabii huja kwa sura ipi mji huu?

Ilichukua muda wa kufunga kifungo.
Kilio kimoja, kikali, halali,
tena hakuna aliyekipigia vigelegele.
Jina lake Naftali.
Govi likaingia mchangani, mchanga ukafunga mdomo.

Nilipokuwa nakusanya sindano, Hadas akaniuliza:
"Wewe ulilia?"
Jibu nilikuwa nalo tayari miaka thelathini na minne,
la kumbini, limekaushwa vyema.
Nikasema: "Nililia.
Baba alijua nitalia.
Alinikata wa mwisho, wenzangu wameshatolewa nje,
kisha akakohoa, kwa nguvu, hadi nikamaliza."

Nilirudi nyumbani na kikombe, kimeoshwa.
Famau akakipindua, akachungulia ndani.
"Ulikuwa wa nini?"
Yeye nilimkata mwenyewe, ana siku arubaini;
hakumbuki, na mimi sijawahi kumwambia
kwamba mkono wangu ulitetemeka.
Nikaketi chini, mgongo ukutani.
"Kitendawili," nikasema.
"Tega."
Nikatafuta, nikatafuta.
Nilikuwa nimebaki na jibu tu.